Namba nne zinazofuatana, na deni la nyumba Minova

Ninyi mnaonisoma kwenye simu huko vita vilikowatupa, leo sileti habari ya mapigano wala ya bei ya unga. Naleta habari ya hesabu. Najua wengine mmeshakunja uso. Mimi mwenyewe nilifurahi siku nilipomaliza sekondari na kuachana na ile herufi x, nikaenda kusomea uandishi wa habari nikidhani hatutaonana tena. Nivumilieni kidogo, kwa sababu hesabu hii ilizuia vyombo vya mama mmoja kutupwa njiani.

Ilikuwa Minova, mwezi wa 9 mwaka 2024. Mnaopajua mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tangu mwezi wa 2, vita vilipokaribia Sake, barabara ya Goma ilikatika. Watu wa Masisi walishuka kwa wingi, na mizigo ikawa inapita ziwani. Nyuma ya nyumba niliyopanga kulikuwa na chumba kimoja cha mbao, na ndani yake alikaa mama kutoka Masisi na watoto wanne. Hakuwa kambini, alikuwa anapanga. Alinunua sombe na ndizi kwa wakulima, akazipeleka Goma kwa mashua, akarudi na chumvi na sabuni za kuuza.

Binti yake wa kwanza alikuwa na miaka 15, naye yuko mwaka wa nane. Mwaka mzima wa shule ulimpotea wakikimbia. Jioni moja alinikuta nje nasikiliza sauti nilizorekodi mchana, akasimama na daftari mkononi.

“Tonton, wewe ni mtu wa redio, unajua Kifaransa. Hii neno ina maana gani?”

Neno lenyewe lilikuwa *consécutifs*. Swali lilisema: tafuta namba tatu consécutifs ambazo jumla yake ni 72. Mtoto huyu alikaa siku mbili na swali hilo akidhani consécutifs ni jamii fulani ya namba ambayo yeye hakufundishwa, labda wakati ule walipokuwa porini. Nikamwambia maana yake ni “zinazofuatana”, moja nyuma ya nyingine, kama 5, 6, 7. Akaniangalia. “Ni hiyo tu?” Ndiyo, ni hiyo tu. Watoto wetu wanaanza shule kwa Kiswahili, halafu darasani kunageuka Kifaransa, na mara nyingi kinachomwangusha mtoto si hesabu, ni neno moja la swali. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Nikataka kuonyesha kwamba redio haikuniharibu kabisa. Nikagawanya 72 kwa tatu, nikapata 24. Basi ya katikati ni 24, mbele yake 23, nyuma yake 25. Ukijumlisha, 72. Nikajisikia mtu.

Swali la pili likanishusha. Tafuta namba nne zinazofuatana, zote zikiwa zinagawanyika kwa mbili bila kubaki kitu, kama 2, 4, 6, 8, na jumla yake iwe 100. Nikafanya kama kwanza: 100 kwa nne, 25. Lakini 25 haigawanyiki kwa mbili. Haimo kabisa kwenye namba tunazotafuta. Nikabaki na jibu ambalo si la mtu yeyote. Binti akaanza kubahatisha pembeni ya daftari: 20, 22, 24, 26, jumla 92, ndogo. 24, 26, 28, 30, jumla 108, kubwa. Akashika za kati, 22, 24, 26, 28. Zikatoa 100.

“Umepata,” nikasema.

“Nimepata, lakini mwalimu anataka njia. Anasema wiki ijayo ataleta namba kubwa, na anayebahatisha atalala shuleni.”

Njia sikuwa nayo.

Kesho yake asubuhi kwenye redio yetu alikuja mzee mmoja kuchaji simu, kama watu wengi walivyokuja, maana sisi tulikuwa na umeme wa jua. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Masisi kabla ya kukimbia. Nikamweleza aibu yangu. Hakunicheka. Akauliza kama tuna maharage. Hatukuwa na maharage, tukaokota vijiwe, lakini yeye akaendelea kuviita maharage.

Akasema: usiniambie namba, maana namba huijui. Niambie unachokijua juu yake. Una watu wanne. Wa kwanza ameshika fuko lililofungwa, hatuoni ndani. Wa pili ana fuko kama lile na maharage mawili mkononi. Wa tatu ana fuko na maharage manne. Wa nne, fuko na maharage sita. Kwa nini mawili, manne, sita? Kwa sababu namba hizi zinarukana mbili mbili. Sasa waweke pamoja. Una mafuko manne, na maharage 2 na 4 na 6, yaani 12 nje ya mafuko. Yote kwa jumla ni 100. Toa yale 12 yaliyo nje, yabaki 88. Hayo 88 yamo ndani ya mafuko manne yaliyo sawa. Kila fuko ni 22.

Akainua kijiwe kimoja. “Hilo fuko ndilo walimu wanaliita x. Mlikuwa mnaliogopa kwa sababu mlidhani ni namba ya siri. Si siri. Ni kitu ambacho bado hatujakifungua.”

Basi kwenye daftari inaandikwa 4x + 12 = 100, kisha 4x = 88, kisha x = 22. Mistari mitatu. Wanafunzi mnaosoma hapa, angalieni pale kwenye 12, ndipo wengi wanapoanguka: wanagawanya kabla ya kuondoa yaliyo nje.

Nikamuuliza juu ya ile 25 yangu, maana ilikuwa bado inaniuma. Akasema 25 haikuwa kosa, ilikuwa katikati. Watu wakiwa watatu kwenye mstari, katikati amesimama mtu, ndiyo maana 24 ilikuwa jibu. Watu wakiwa wanne, katikati ni nafasi tupu kati ya wa pili na wa tatu. 25 iko kati ya 24 na 26, mahali ambapo hakuna aliyesimama. Aliniambia pia kwamba namba zisizogawanyika kwa mbili, 7, 9, 11, nazo zinarukana mbili mbili. Wanafunzi wengi huwaandikia hizo moja moja au tatu tatu, eti kwa sababu zenyewe si za mbili.

Mwisho akanipa mtihani. Namba tatu zinazofuatana, jumla 100. Nikaweka mafuko matatu, na maharage 1 na 2 nje, yaani 3. Yanabaki 97. Tisini na saba kwa tatu, haiingii. Nikajumlisha tena, haikuingia. Mzee akachomoa simu yake kwenye umeme na kusema, “Haitaingia. Hakuna namba za namna hiyo. Swali lenyewe ni la uongo, na hesabu yako imelikamata.”

Hilo lilinisaidia kazini kabla hata wiki kwisha. Mtu mmoja wa kamati ya wakimbizi alinipigia simu kwamba familia mpya zimefika kwa siku nne, kila siku kumi zaidi ya jana yake, na jumla ni familia 150. Nilikuwa nimeshaandika habari. Nikaweka mafuko: manne, na 10 na 20 na 30 nje, yaani 60. Zinabaki 90, kwa siku nne, 22 na nusu. Hakuna nusu ya familia. Nikampigia tena tukahesabu siku moja moja: 20, 30, 40, na siku ya mwisho 60. Jumla yake ilikuwa ya kweli, ila lile “kumi kumi kila siku” lilikuwa la kupendezesha. Habari ikatoka ikiwa imenyooka.

Sasa nirudi kwa mama. Alikuwa na deni la miezi mitatu ya nyumba, franka 30,000 kila mwezi, jumla 90,000. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amevumilia tangu mwezi wa 6, naye ana watoto wake wa kulipia shule. Siku moja alikuja akasema anataka pesa yake yote mwisho wa mwezi, au chumba. Mama akanituma binti niende kuwa shahidi.

Mama akapendekeza kulipa kila Jumamosi. Aanze kidogo, halafu kila wiki aongeze franka 1,000, kwa sababu mtaji wake utakuwa unakua. Mwenye nyumba akakubali wiki sita, na kodi ya miezi mipya ingesubiri deni hili liishe. Mama akasema, “Nitaanza na elfu kumi.” Mwenye nyumba akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikashika kalamu niandike. Ilikuwa inasikika vizuri: elfu kumi, wiki sita, na inapanda.

Binti alikuwa mlangoni anamenya viazi. Akasema, “Mama, haitafika.”

Tukanyamaza. Akahesabu kwa sauti: 10, 11, 12, 13, 14, 15. Jumla 75,000. Zinapungua 15,000. Fikirieni ingekuwaje Jumamosi ya sita. Mama anadhani amemaliza, mwenye nyumba anadhani ameibiwa, na karatasi yenye maandishi yangu imo katikati yao.

Akaweka kisu chini, akachukua daftari. Mafuko sita, kila wiki fuko moja. Wiki ya kwanza hakuna kitu nje, ya pili 1,000, ya tatu 2,000, mpaka ya sita 5,000. Zilizo nje jumla 15,000. Ukizitoa kwenye 90,000, zinabaki 75,000. Kwa mafuko sita, kila fuko 12,500. Basi aanze na 12,500 na amalize na 17,500. Mwenye nyumba akajumlisha yeye mwenyewe kwenye simu yake, mara mbili. Ikatoka 90,000.

Mama alifikiri sana kabla ya kukubali. Elfu kumi ilikuwa nyepesi mdomoni, na 12,500 ilikuwa pesa halisi ambayo lazima itoke. Nikaandika karatasi, mwenye nyumba akatia sahihi, mama akatia kidole. Alilipa tarehe 14, tarehe 21 na tarehe 28 mwezi wa 9. Hapo 40,500 zilikuwa zimeshalipwa.

Tarehe 3 mwezi wa 10, siku ya Alhamisi, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ukingoni. Sina haja ya kuwasimulia. Wengi wenu mlipoteza watu, na wengine mlinisikia hewani siku zile, sauti ikinikatika. Mama hakuwamo. Mzigo wake ulikuwa umefungwa uende kesho yake. Aliufungua akaanza kugawa sombe kwa majirani waliokuwa na msiba.

Jumamosi ya tarehe 5 hakuna aliyeulizia deni. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa matangani.

Alikuja wiki iliyofuata, akaa kwenye kiti, akaongea polepole. Mama akamwambia wazi kwamba hatapanda tena mashua wala kupeleka mzigo ziwani. Atauza sombe na sambaza hapa hapa sokoni, na faida yake ni ndogo. Jumamosi ijayo anaweza kutoa 9,000, si zaidi. Mwenye nyumba akasema atampa Jumamosi nne, za mwisho, na deni liishe. Zilikuwa zimebaki 49,500. Kila wiki aongeze ngapi?

Hapo mimi nilianza kuweka fuko mwanzoni kama mzee alivyonifundisha, nikakwama. Binti akanisahihisha. “Tonton, safari hii mwanzo tunaujua. Tusichojua ni hatua.” Fuko limehama. Wiki ya kwanza ni 9,000 peke yake. Ya pili ni 9,000 na fuko moja. Ya tatu, 9,000 na mafuko mawili. Ya nne, 9,000 na mafuko matatu. Jumla ni 36,000 na mafuko sita. Kutoka 49,500 ukiondoa 36,000 zinabaki 13,500. Kwa mafuko sita, 2,250.

Basi 9,000, halafu 11,250, halafu 13,500, halafu 15,750. Mwenye nyumba akajumlisha tena kwenye simu, mara moja tu safari hii. Shida ikabaki moja: noti ya franka 50 siku hizi hata mtoto anakataa kuipokea, na mama hakujua atazitoa wapi. Tukapandisha 50 huku na kupunguza 50 kule: wiki ya pili 11,300, wiki ya nne 15,700. Jumla haikubadilika.

Tarehe 2 mwezi wa 11 alilipa ya mwisho. Mwenye nyumba akataka kuichana ile karatasi, kama watu wanavyofanya deni likiisha. Binti akamzuia. Nyuma yake alikuwa ameandika zoezi la Jumatatu.

Shuleni alipata 7 kwa 10. Njia zote zilikuwa sawa, lakini pale pa x yeye aliandika “fuko”, na mwalimu akakata alama. Alikuja kwangu na hasira. Nikampeleka kwa yule mzee, naye akamwambia kwamba zamani sana, karne ya 9, huko Baghdad, aliishi mtu anayeitwa al-Khwarizmi aliyeandika kitabu cha hesabu hizi, na jina aljebra limetoka kwenye jina la kitabu chake, kwenye neno la Kiarabu al-jabr. Neno hilo lina maana ya kurudishia, na lilitumika pia kwa kazi ya kuunga mfupa uliovunjika. Mtu huyo hakuandika x hata mara moja. Aliandika yote kwa maneno, na kile asichokijua alikiita “kitu”.

“Kwa hiyo na yeye angepata 7,” binti akasema.

“Kwa mwalimu wako, ndiyo. Wewe andika x, upate 10. Fuko libaki kichwani.”

Mwezi wa 1 mwaka 2025 vita vilifika Minova yenyewe, na sisi wote tukatawanyika, mwenye nyumba na mpangaji pamoja. Mama na watoto wake wako Burundi sasa. Juzi usiku simu ikalia, ujumbe wa sauti, watoto wanapiga kelele nyuma yake.

“Tonton, habari ya siku mingi. Nina swali. Namba tano zinazofuatana, jumla yake sifuri.”

Niliweka mafuko matano. Nje maharage 1, 2, 3, 4, yaani 10. Mafuko matano na maharage kumi, na kwa jumla hakuna kitu. Nilidhani ni swali la uongo kama lile la mzee. Nilikaa nalo mpaka betri ikafika asilimia 6, ndipo nikakumbuka kwamba ndani ya fuko si lazima kuwe na maharage. Linaweza kuwa na deni. Mafuko matano yakiwa na deni la 10, kila moja lina deni la 2. Inaanzia chini ya sifuri: deni la mbili, deni la moja, sifuri, moja, mbili.

Nikamtumia jibu. Akajibu hapo hapo, anacheka.

“Ndiyo. Sasa fanya za saba.”